Pafyumu tamu za poda: ipi inalifaa joto la Kigoma?

Binamu yangu anakaa Dar. Mwisho wa mwezi anapanda treni kuja Kigoma, na juzi alinipigia simu akiwa na swali moja. "Dada, nikuletee pafyumu gani? Moja tu, begi limejaa." Nikamwambia anipe wiki mbili nifikirie. Akacheka sana. Alidhani nitamjibu palepale, "yoyote inayonukia."

Lakini mimi na pafyumu hatutaniani. Ni fundi cherehani, nina kibanda changu Mwanga, na kwenye droo ya chini ya meza ya kukatia nimehifadhi chupa tano zilizobaki robo robo. Nne aliniachia mteja wangu mmoja aliyekuwa akifanya kazi na wakimbizi upande wa Kasulu. Mkataba wake ulipoisha alikuja kuchukua magauni yake ya mwisho, akafungua mkoba juu ya meza: mzigo wa ndege umezidi kilo, haya yako. Ya tano nilinunua kwa hela yangu. Zote tano ni za ukoo mmoja, ukoo ninaoupenda tangu nikiwa mdogo: tamu, laini, zenye poda. Hizo ndizo nilizoamua kuzishindanisha, kisha nimwambie binamu jina moja.

Kwanza tuelewane kuhusu poda. Nikisema pafyumu ina poda, nazungumzia ile harufu ya mtoto aliyetoka kuogeshwa, au harufu inayokupiga usoni ukifungua pochi ya mama yako mliyoambiwa msiiguse: poda ya uso, rangi ya mdomo, leso safi. Harufu hiyo haikuingia kwenye poda kwa bahati. Kuna ua linaitwa airisi, hulimwa sana Italia, maeneo ya Florence, na kinachonukia si ua bali shina lake la chini ya udongo. Huchimbwa, humenywa, hukaushwa miaka kadhaa ndipo harufu ijitokeze, halafu husagwa. Zamani unga wake ulitiwa kwenye poda za uso na za nywele huko Ulaya. Mwaka 1893 wakemia wa Kijerumani wakapata namna ya kutengeneza iononi, harufu ya ua la vayoleti, bila kuhitaji ua lenyewe. Bei ikashuka, na viwanda vya vipodozi vikaimwaga kila mahali. Ndiyo maana leo ukinusa airisi au vayoleti kichwa kinasema "poda" hata kama hakuna chembe ya poda ndani. Ukiongeza vanila, ua la heliotropi lenye harufu ya lozi, na miski ile nyepesi ya nguo zilizofuliwa, umepata pafyumu tamu ya poda. Tofauti kati ya moja na nyingine ni kipi kimezidi, sukari au unga.

Na kwa Kigoma, hapo ndipo penye kazi. Sisi tuna joto lenye unyevu wa ziwa. Saa saba mchana chini ya bati, kitu kitamu hakikai kwenye ngozi kwa heshima, kinavimba. Mwaka mmoja nilijipulizia mara saba nikapanda hiace kwenda Ujiji, katikati ya mchana, nimebanwa dirishani. Mama aliyekaa pembeni yangu alikuwa na beseni la dagaa. Ule mchanganyiko siwezi kuuandika. Konda alifungua mlango akaning'inia nje njia nzima. Sitaitaja pafyumu yenyewe, kosa lilikuwa la mkono wangu, lakini tangu siku hiyo kila chupa naipima kwanza kwa saa saba mchana.

Namna nilivyopima ni hivi. Madukani wana vijikaratasi vya kunusia, mimi nina bafta. Nilikata vipande vitano vya bafta nyeupe, nikaviandika namba kwa chaki ya fundi, nikavibana kwa pini kwenye ubao ninapotundika vipimo vya wateja. Kila asubuhi kila kipande mpulizo mmoja. Mkononi nilivaa moja kwa siku, bila losheni yenye harufu, na bila mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi. Hapo nisisitize, maana wengi wetu tunajipaka mise baada ya kuoga: ni mafuta mazuri kwa ngozi, lakini yana harufu yake na hayapishi mtu. Wateja niliwaita wanuse bila kuwaambia namba ipi ni nini.

Hypnotic Poison ya Dior niimalize haraka. Ilitoka mwaka 1998, chupa nyekundu ya mviringo kama tunda, na aliyeitunga ni Annick Menardo. Ni lozi, asmini na vanila, na lozi ndiye mwenye nyumba. Mimi usiku naipenda sana. Mchana ilinishinda: kila nikiinama kwenye cherehani nilihisi kama nimeegemea keki. Mwanafunzi mmoja aliyekuja kupunguza sketi ya shule alinusa akasema, "Keki ya lozi," halafu akarudia kunusa, "hapana, dawa ya kikohozi." Wote wawili tulicheka, na sikuweza kuisikia tena kama zamani. Poda ipo, ila imekaa nyuma ya sukari. Ukitaka mtu akugeukie kwenye kumbi za harusi saa nne usiku, hii itafanya hivyo.

La Vie Est Belle ya Lancôme, ya mwaka 2012, ni habari nyingine ingawa nayo ni tamu. Watu watatu waliitunga, na jina lake kwa Kifaransa ni kusema maisha ni mazuri. Ina airisi ya kweli kweli ndani, ndiyo iliyonifanya niiweke kwenye shindano, lakini juu ya airisi wamemwaga pralini, ile peremende ya karanga na sukari iliyoungua, na chini wameweka pachuli, jani lenye harufu ya udongo na kabati la mbao. Ukinusa kwa mbali unapata sukari. Ukinusa kwa karibu, baada ya saa mbili, poda inajitokeza na ni nzuri mno, laini kama kitambaa cha satini upande wa ndani. Shida ni kwamba wanaokusikia kwa karibu ni wachache kuliko wanaokusikia kwa mbali. Yule mwanafunzi alisema imemtia njaa.

Inakaa, hilo nalikiri. Bafta ya pili niliisahau ubaoni wiki nzima na bado ilikuwa inanukia. Kama unaishi Tabora ningekuambia uichukue bila kusita. Dada yangu yuko huko, na nilipomtembelea mwezi wa saba niliivaa usiku: hewa kavu, baridi kidogo, na ule utamu ukatulia kabisa, haukunata. Pafyumu ileile, chupa ileile, ila hewa imebadilika. Hapa Kigoma labda niivae jioni nikiteremka upande wa Bangwe, upepo wa ziwa ukinisaidia kuisambaza.

Sasa tufike kwa bibi yao.

Shalimar ya Guerlain iliingia sokoni mwaka 1925, kwa hiyo imepita miaka mia na bado inauzwa. Aliyeitunga ni Jacques Guerlain, na jina limetoka kwenye bustani za Shalimar za Lahore, zilizojengwa enzi za mfalme Shah Jahan. Inasimuliwa kwamba alichukua pafyumu ya zamani ya familia yao, Jicky ya mwaka 1889, akaitia vanila ya maabara iitwayo etili vanilini, yenye nguvu mara kadhaa kuliko vanilini ya kawaida, ili aone itakuwaje. Iwe kweli au hadithi, ukiinusa unaamini. Mwanzo ni bergamoti, harufu ya ganda la ndimu lililochubuliwa, kali, karibu ya kuudhi. Wengi huiacha hapohapo dukani. Wasubiri. Kwa joto letu ile ndimu inaondoka ndani ya dakika chache, halafu unabaki na airisi, vanila, na moshi kidogo, kama chumba kilichofukizwa udi jana.

Bwana mmoja wa bodaboda aliyeleta suruali ya kupunguza alinusa kipande cha tatu akanyamaza, kisha akasema, "Hii inanukia kama nyumba ya watu wenye pesa ya zamani." Sijasoma popote maelezo yaliyoishinda kauli hiyo.

Nilimpelekea kipande hicho mama mkubwa wangu Ujiji, kwa sababu kwenye mambo ya kunukia hakuna ninayemwamini zaidi yake. Yeye kila Alhamisi jioni anatoa chetezo, anatia kaa na udi, anasimama juu yake na khanga yake hadi moshi uingie kwenye nyuzi.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea nini, au umekuja kula tu?"

Nikampa bafta. Akaifumba mkononi, akaipeleka puani, akafunga macho. "Hii ina ubani ndani yake," akasema. Na amepatia: Shalimar ina opoponaksi, utomvu ambao ni ndugu wa manemane. Mwanamke hajawahi kuliona hata boksi lake. Akakitia kile kipande kifuani mwake, hakikurudi.

Lakini mimi ni fundi, na kuna jambo lazima niwaambie wenzangu kabla hamjavutwa na sifa. Vipande vingine nilivyokuwa nimevipulizia Shalimar vilianza kuwa na duara la njano, kisha kahawia, mfano wa doa la chai. Vanila kwenye pafyumu hugeuka rangi kadiri siku zinavyokwenda, ndiyo maana hata maji ya ndani ya chupa huwa na rangi ya asali. Usiipulizie juu ya gauni jeupe. Usiipulizie juu ya dira la rangi ya maziwa. Jipulizie mwilini, subiri ikauke, ndipo uvae. Nimeshaletewa gauni la bibi harusi lenye madoa ya namna hii shingoni, la pafyumu nyingine tamu, nikaambiwa nilifunike kwa lesi. Nilifunika, lakini picha zilikuwa zimeshapigwa.

Halafu kuna Yara ya Lattafa, ya pinki. Hii ndiyo niliyonunua mwenyewe, na ndiyo wengi wenu mtakuwa mnaijua, maana tangu ilipotoka mwaka 2020 imezagaa hadi imekuwa kama salamu. Lattafa ni kampuni ya Falme za Kiarabu. Nazungumzia ya pinki tu. Nyeupe na ile ya rangi ya chungwa ni harufu tofauti kabisa, usije ukabeba moja ukidhani umebeba nyingine. Ya pinki ina heliotropi, matunda, vanila na miski. Kwa ulimi wa nyumbani: maziwa ya stroberi yaliyomwagikiwa poda ya mtoto. Mama mmoja anayeuza mawese Gungu hakuhitaji hata sekunde. "Hii naijua, hii ni ya kila harusi."

Wapo wanaoidharau kwa sababu ni ya bei ya chini. Mimi siidharau. Kwa hela ya chupa moja ya hao Wafaransa unanunua Yara na kitenge, na chenji inabaki. Poda yake haina kina cha airisi, ni poda ya duka la pipi, lakini ni ya kuchangamka, na ukiivaa juu ya nguo iliyofukizwa udi inapata uzito ambao peke yake haina. Binti zangu wa harusi nawaambia hivyo: udi kwanza, Yara baadaye, mipulizo miwili. Kinachonikera ni kwamba kwenye shughuli moja mnaweza kukutana watu kumi mnaonukia sawasawa kama sare.

Ya mwisho ni Flower ya Kenzo. Ilitoka mwaka 2000, na mtungaji wake ni Alberto Morillas. Chupa ni ndefu, nyembamba, imepinda kidogo kama mmea uliosukumwa na upepo, na ndani ya kioo unaona ua jekundu la popi. Popi halinukii. Hilo ndilo lililonivutia kabla hata sijanusa: wametunga harufu ya ua lisilo na harufu. Walichoweka ni waridi, vayoleti, miski nyeupe na vanila kiasi.

Kwenye zile nyingine nne unga uko chini ya sukari. Kwa Kenzo sukari iko chini ya unga, na hiyo tofauti ndogo ndiyo iliyoamua kila kitu. Siku nilipoivaa ilikuwa jua kali kweli, umeme umekatika, feni imesimama, napiga pasi ya mkaa. Jasho lilinitoka hadi kope. Kila nilipojifuta, badala ya utamu kuvimba ilitoka harufu ya nguo iliyoanuliwa kambani. Yule bwana wa bodaboda, aliyesifia Shalimar, kwa kipande cha tano alinusa mara mbili, akageuka akatazama nyuma ya pazia la kupimia. "Nani ana mtoto humu?"

Ina tabia moja ambayo wengine huiita udhaifu. Inapotea. Saa nzima husikii kitu, unadhani imekwisha, halafu unanyoosha mkono kushika mkasi, hiyo hapo. Iononi ndizo zinazofanya hivyo: huchosha pua kwa muda, pua ikipumzika harufu inarudi. Na miski nayo ina mambo yake, kuna watu ambao baadhi ya miski hawazisikii kabisa, ndivyo walivyozaliwa. Kwa hiyo usijihukumu kwa pua yako tu ukaanza kujimwagia. Mwulize mtu aliyeingia kutoka nje. Mimi niliuliza saa kumi jioni, baada ya kuipaka saa mbili asubuhi, mteja akaniambia anaisikia tangu mlangoni, lakini taratibu.

Mama mkubwa hakuipenda sana. "Ya watoto," alisema. "Nzuri, lakini haimsemeshi mtu." Nimelifikiria neno hilo. Kwa ukumbi wa harusi ni kweli, udi wa watu watatu tu unaimeza. Lakini mimi sishindi kwenye ukumbi wa harusi. Nashinda nimemwinamia mtu nikimpima kifua na kiuno, pua yake sentimita chache kutoka shingoni kwangu, na wengine ni wajawazito. Harufu isiyomsemesha mtu ndiyo ninayoitaka. Kama wewe ni muuguzi, mwalimu, karani wa dirishani, au unapanda hiace kila siku, tuko kundi moja.

Kwa anayebaki njia panda: kama unajipamba kwa ajili ya usiku na hewa ina ubaridi, La Vie Est Belle au ile nyekundu ya Dior, kutegemea unapenda pralini au lozi. Kama hela ni ya kubana na unataka kunukia leo, Yara, wala usione aibu. Kama una miaka yako, una udi wako, na una uvumilivu wa kuisubiri ndimu iondoke, Shalimar haina mpinzani hapa, nami nakiri kwamba kwa uzuri mtupu ndiyo iliyoshinda. Isingekuwa kazi yangu na jua hili ningemtuma binamu hiyo.

Na ukinunua, iwe Dar au mtu akuletee, linganisha namba ndogo iliyopigwa chini ya boksi na ile ya chini ya chupa. Zisipolingana, rudisha. Mimi niliwahi kuuziwa mahali fulani boksi la kweli lenye chupa ya kopi, nikagundua nimeshafika nyumbani. Ikishafika kwako itoe dirishani, jua na joto vinaiua. Ndani ya boksi, ndani ya kabati, inatosha.

Jana usiku nimemwandikia binamu: Flower ya Kenzo, chupa ya mililita 30, usiniletee kubwa. Amejibu sawa, ameipata dukani, ameshanusa, anasema inanukia kama mtoto wake wa kwanza. Halafu akaongeza kwamba akirudi Dar anataka kilo tano za dagaa na migebuka miwili ya kukausha, na nifunge vizuri sana, mifuko mitatu mitatu, maana safari hii amepata behewa la kulala.